Inauma Wapi

Treni ya Yerevan huondoka Tbilisi saa mbili na kidogo usiku,
na kidogo hicho hurefuka kadiri dereva apendavyo.
Nimeipanda kwa kuwa ndege ya bei nafuu ya kwetu
inarukia nchi ya jirani. Hakuna sababu nyingine.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi Zestaponi sikungojewa hiyo ya tatu:
begi likiwa bado mgongoni,
muuguzi Lamara alinipa beseni na mkasi wa kucha,
akanionyesha kwa kidevu chumba cha wanaume.

Miezi minane.
Kucha za mzee Vazha, ngumu kama pembe,
ziliruka hadi kwenye supu ya jirani yake,
wakagombana mpaka Pasaka.

Kijojia changu ni cha beseni.
Najua goti, kwapa, kisigino, najua maji ya vuguvugu,
najua inua, geuka, nela-nela, yaani polepole,
najua kuuliza sad gtkiva, inauma wapi,
kisha kungoja kidole kinijibu.
Kuagiza chai sijui,
wala sina la kumwambia mtu asiyeumwa.

Bi Tsiala aliniita Nanuli.
Nanuli ni bintiye, yuko Bari mwaka wa kumi na moja,
anamwogesha ajuza wa Kiitalia,
anatuma pesa, soksi, picha za bahari.
Nami nyumbani ni Bari.
Bibi yangu huko anaogeshwa na mwanamke wa Kutaisi,
Eteri, si Nanuli. Niliuliza. Dunia si ndogo kiasi hicho.
Hesabu hii niliirudia usiku mwingi nikikunja mashuka:
wao wamevuka bahari kuwaogesha wa kwetu kwa mshahara,
mimi nimevuka kuwaogesha wa kwao bure,
na cheti chenye muhuri wa buluu
kimepewa mimi, kwa moyo wangu wa kujitolea.

Sadakhlo. Taa zote za behewa zikawaka kwa pamoja
kama mtu aliyekumbuka deni.
Afisa akaingia, pasipoti yangu akaishika kwa ncha za vidole,
akauliza neno refu. Labda muda. Labda kusudi.
Nikafungua kinywa, kikatoka kilichokuwamo:
Sad gtkiva?

Mama Siranush, kitanda cha pili, akaacha kumenya yai.
Afisa alinitazama, akautazama mlango,
kisha akaweka mkono kiunoni, upande wa kushoto.
Hapa, alisema. Tangu majira ya baridi.
Hilo nilielewa lote.
Nikamwonyesha: egemea ukuta, inama, nela-nela.
Akainama kidogo, kofia ikaanguka,
akagonga muhuri akiwa bado amejishika.

Upande wa pili herufi zilikuwa kulabu
na mimi sikuwa na hata goti.
Afisa wa Kiarmenia akafungua begi, akatoa uzi wa jozi
uliochovywa katika uji wa zabibu, umekauka, umeiva unga.
Akaunusa. Akaurudisha kwa heshima
kana kwamba ameshika shanga za mtu.

Ni Bi Tsiala aliyenipa, asubuhi ile,
ameufunga kwa gazeti na kamba ya viatu.
Wengine walilia. Yeye hapana.
Alinishika kidole gumba tu, akasema:
Nanuli, unaondoka tena.
Lamara akafungua kinywa kumsahihisha,
nikamzuia kwa jicho.
Hilo tena nimelibeba, na uzito wake
haukupimwa popote mpakani.

Mama Siranush amelala, mguu uko nje ya blanketi.
Nimeufunika. Mikono haijajua kwamba kazi imekwisha.
Nimekula jozi moja, gizani, taratibu.
Zilizobaki ni za Eteri.
Miaka sita yuko jikoni kwetu, anainama, anainuka,
na sikumbuki kama kuna aliyemuuliza.