Pampu Ikivuta Hewa

Nilipanda Isamilo na daftari jipya,
kalamu mbili, na swali nililolipanga njiani:
vikao vingapi, ili nimalize?
Bi Nyangeta akacheka kidogo, si kwa dharau,
akanisogezea kiti kinachotazama ziwa.
Nikakigeuza.
Ziwa ni kazini kwangu.

Mhandisi Nkwimba Lushinge, mitambo ya maji.
Mabomba yote, toka ufukweni hadi matangi ya mlimani,
nayajua kama mishipa ya mkono huu.
Miaka kumi na mmoja sijachelewa.
Likizo nimelimbikiza siku mia na nane,
nazitaja kama baba alivyotaja ng'ombe.

Akauliza: unalalaje?
Nikamweleza magugumaji yalivyoziba chujio
usiku mmoja wa Aprili, nilivyoshuka na buti za mpira,
mimi na vijana watatu, tukayang'oa kwa mikono,
na alfajiri Kirumba nzima ikaoga.
Akauliza tena: unalalaje?

Saa tisa usiku moyo huamka kabla yangu.
Simu haijalia, nami nimeshaishika.
Kijani. Kijani. Kijani.
Naingoja ile nyekundu
kama mtu anayemngoja mgeni asiyempenda
na chakula keshamwekea.

Unaumwa wapi?
Taya, nikasema. Na bega la kushoto.
Bugando wamenipima, moyo mzima.
Nikamwonyesha karatasi. Nilitaka aione,
nimefaulu vipimo vyote.

Kisha, sijui kwa nini, nikaanza habari za pampu.
Pampu, Bi Nyangeta, haifi kwa kazi.
Hufa kwa kuvuta hewa.
Maji yakipungua mlangoni, nayo imeamriwa isizime,
huzunguka tu; ndani mwake
vipovu vinazaliwa, vinapasuka,
kila kipovu kinabandua chembe ya chuma.
Ukisimama nje utadhani inasaga kokoto.
Kwenye mita inaonekana bado inafanya kazi.
Siku ukiifungua, mapanga yake yameliwa
kama gunzi lililopitiwa na kuku.

Nikasikia nilichokisema.
Pangaboi la darini linazunguka.
Yeye hakuandika kitu.
Na wewe kokoto unazisikia tangu lini?

Mwaka juzi.

Wiki ya pili akanipa kazi ya nyumbani:
dakika ishirini za kukaa bure.
Nikakaa arobaini. Nikaandika ripoti.
Akaisoma, akaikunja, akanirudishia bila alama.
Nilinuna hadi Mabatini.

Mama, kwa simu, kutoka Magu:
"Kamongo maji yakikauka hujizika topeni,
anapumua kidogo kidogo, mvua imkute."
Nikamwambia kamongo hana bodi ya wakurugenzi.
Akacheka mpaka akakohoa.
Nami nikacheka, nikaishangaa ile sauti,
kumbe bado ninayo.

Wiki ya tano nilifika mikono mitupu.
Daftari sijui nililiacha wapi.
Jumapili nilikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
lile ambalo fundi alitaka kulipasua,
nikala sato kwa mkono, mwiba baada ya mwiba,
mjusi wa kichwa chekundu akinitikisia kifua
kama askari wa gwaride la mtu mmoja.
Nilipokumbuka saa, jua lilikuwa limeshahama ukuta.
Simu ilikuwa ndani. Na Kirumba maji yalitoka.
Yalitoka bila mimi.
Hilo, nikamwambia, ndilo lililoniuma.
Wapi?
Nikatafuta. Si kwenye taya.

Sijapona. Jana saa tisa niliamka kama kawaida,
nikaishika simu, nikailaza kifudifudi,
nikaiinua tena.
Ila leo kiti nimekiacha kilivyo.
Ziwa la kijivu, magugumaji upande wa Igogo
yakisogea kwa mafungu kuelekea chujio langu.
Nikaanza kuyahesabu.
Kwenye saba nikaacha.