Mswaki wa Tatu

Arua, chumba kimoja, kikombe cha bati dirishani.
Mama alitufunza: suuza, kung'uta mara tatu,
simamisha kichwa juu, upigwe na jua,
usiufunike, unyevu huzaa uvundo,
na miswaki isibusiane,
maana hata ndugu huambukizana.
Mende, alisema, usiku hana adabu.

Nywele zikipinda, tupa. Miezi mitatu, basi.
Wangu aliutupa bila kuniuliza.
Wa Candiru ukaishia kusugulia viatu.

Ila ule wa kijani, wa Adriko,
aliyepanda lori la saruji kwenda Juba
mvua za mwaka juzi,
kila asubuhi anausuuza kwa maji ya moto,
anaukung'uta mara tatu,
anausimamisha peke yake
pale jua linapoanzia.