Chaki

Alhamisi, jua halijavuka bado ukingo wa Pirin,
nimefunga viatu mafundo mawili mawili,
nimepita kwa Zlatka; mbwa wake amenifahamu, hakubweka.
Mfukoni nina chaki, kipande cha kidole gumba.
Kazi yangu ni hii: kupanda, kutazama,
kushuka, kuandika kwenye ubao wa maegesho
njia ina hali gani.

Hadi daraja la pili, matope.
Matope ya kung'ang'ania kisigino kama mdai.
Misonobari inadondosha maji na mbingu kavu;
ukisimama chini yake unalowa mvua ya jana.
Vijito vilivyokuwa vitatu mwezi wa pili
leo ni kumi na kimoja, nimehesabu,
na cha mwisho kimeamua njia yetu ni yake,
kinateremka nayo kona kwa kona,
hata alama nyeupe na nyekundu jiweni
inasomeka ndani ya maji.

Juu ya daraja, theluji.
Saa kumi na mbili asubuhi ni ngumu kama sahani,
inanibeba, mimi mwanamke wa kilo themanini.
Saa tano ni sukari.
Saa nane ni uji,
na uji huo una kina: mguu unazama hadi nyonga,
na kuutoa sharti ujitukane kwanza.

Mtasema, basi watu wapite asubuhi.
Ndivyo nilivyosema mwaka jana.
Niliandika kwa herufi kubwa: ASUBUHI NJIA NI SALAMA,
na mwalimu Lyuben wa hisabati, mtu wa kufuata maandishi,
akapanda alfajiri, akapita, akafika kibandani,
akanywa chai, akasimulia, akasimulia tena,
akashuka saa nane.
Chini ya theluji mto ulikwisha kula sakafu.
Alisimama juu ya paa asijue ni paa.
Mguu wake una vyuma vitatu hadi leo.
Hajanilaumu. Hunisalimia sokoni,
na fimbo yake hugonga saruji:
asu-buhi, asu-buhi.

Tangu hapo neno salama halitoki kwenye chaki yangu.

Leo nimeona maua ya zambarau yasiyo na subira,
kila moja ndani ya kisima kidogo lilichojiyeyushia.
Kinyesi cha dubu, kibichi, kimejaa nyasi, nguzo ya kumi na nne.
Glavu ya mtoto, ya kijani, imetapikwa na Januari.
Na upande wa kaskazini, ngurumo,
kama mtu anaburuta kabati ghorofa ya juu,
halafu kimya, halafu ndege mmoja.

Nikishuka nikakuta vijana wawili wa Sofia,
viatu vya mbio, soksi fupi.
"Bibi, inapitika?"
Hata tundu la sindano hupitika, nikawaambia, ukiwa uzi.
Wakacheka. Nikawaonyesha suruali yangu,
imelowa hadi mkandani.
Mmoja akatazama viatu vyake
kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Zlatka ameshaona korongo juu ya nguzo ya umeme;
uzi wake wa Machi, mwekundu na mweupe,
ameufungua mkononi, ameuning'iniza kwenye mti wa cheri,
kama tunavyofanya sote majira yakigeuka.
Wangu bado ninao.
Kila Alhamisi narudi Februari kwa miguu,
sitaki kufika huko mkono mtupu.

Ubaoni nimeandika:
Matope hadi daraja la pili. Juu yake theluji.
Nilipanda saa kumi na mbili, saa nne nilikuwa chini.
Kati ya nguzo ya tisa na ya kumi na mbili
mto unasikika chini ya miguu.

Mwalimu Lyuben amekuja na fimbo yake,
amesoma, amevua miwani, amesoma tena.
"Hujasema kama watu waende."
Sijasema.
"Na umesahau kitu."
Amenyoosha mkono, nikampa chaki,
naye, kwa mwandiko wa darasani, juu kabisa,
akaandika tarehe,
akatazama saa yake,
akaandika na dakika.