Kinoo cha Barabara ya Kumi na Tano

Miaka kumi na mmoja kilizuia mlango usibamizwe na upepo,
kifudifudi, kimelewa mafuta ya nazi na chokaa.
Kuku walikikanyaga.
Mtoto akililia wembe mpe, walisema wa kale.
Mimi nililia kinoo.
Mama akacheka: "Chukua. Mlango tutauwekea tofali."

Siku tatu ndani ya mafuta ya taa, kwenye kopo la maziwa.
Ya kwanza kikatapika weusi.
Ya pili, rangi ya chai iliyolala.
Ya tatu nikakitoa: jiwe la kijivu, laini,
ukucha ukipita hausikii punje,
na katikati, bonde.

Bonde la mkono wa baba.
Mhina kinyozi, Ngamiani,
aliyenoa kabla ya adhana ya alfajiri
akihesabu kwa Kibondei, asipotee.

Lakini wembe haunoleki bondeni.
Semkiwa wa vioo akanipa kipande cha dirisha,
nikakibandika msasa,
nikakichora kinoo kwa penseli, mistari ya kukatizana
kama daftari la hesabu, nikasugua.
Pembeni penseli ikafutika upesi.
Katikati ikagoma.
Nikachora tena. Nikasugua tena. Maji yakawa uji wa majivu,
na kila bonde lilivyopungua
nilijua ninachokifuta.

Ilipobaki mistari miwili, mifupi kama kope,
nikasema basi.
Fundi mwingine angemaliza.

Wembe wake ulikuwa sandukuni, ndani ya soksi,
mpini wa pembe umepasuka.
Nikaulaza bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja,
nikausukuma, makali mbele,
nikaubinua juu ya mgongo, nikaurudisha.
Usikandamize, alizoea kusema, jiwe halijakukosea.
Mlio ukabadilika: kwanza mchanga chini ya ndala,
kisha karibu kimya,
kama mtu anayekunja kanga chumba cha pili.
Halafu ukanda wa ngozi, mara hamsini.
Unywele wa mkononi mwangu ukaanguka
sijausikia.

Jioni nikamketisha baba kwenye kiti cha wateja,
kiti ambacho hakuwahi kukikalia,
mikono yake inayotetemeka nimeifunika taulo.
Povu. Nikalivuta shavu.
Hakuuliza wembe gani.
Nilipofika chini ya kidevu akafumba macho:
"Umeacha bonde kidogo."

Nikamwambia asicheke,
wembe uko kooni.