Mguu wa Nne

Mugisho alimchora usiku, Kadutu,
kwenye kompyuta iliyouzwa bila betri:
pembe, ndevu, mkia, mguu, mguu, mguu,
umeme ukakatika.

Asubuhi akatuonyesha mchezo hivyo hivyo.
Unapanda kilima chenye utelezi wa mvua,
dumu la maji mgongoni,
huna bunduki, huna wa kumwua.
Ukiteleza, mbuzi anakohoa
(kikohozi ni cha Nabintu, dada yake,
alirekodiwa akiwa na mafua),
kisha anaanza upya, kutoka ziwani.

Nimecheza michezo ya ng'ambo pia,
majitu yenye mapanga yanayong'aa kama taa za harusi.
Nimeyasahau.
Huyu namkumbuka nikiwa kwenye foleni ya bomba,
nikipanda ngazi za udongo kwenda kwa shangazi,
goti likigoma.

Siku ya tatu umeme ukarudi.
Mugisho akasema, sasa nimmalizie mguu.
Tulimshika mkono, watu watano,
hata Cubaka, ambaye hajawahi kumfikisha juu.

Mwache.
Akipata wa nne atakuwa mbuzi tu,
na sisi tutapanda na nani?