Kibandiko

Walikuja Jumanne, vijana wawili wa fulana nyekundu,
wakabandika namba ukutani, juu kidogo ya mizani.
"Mama Elinami, funga droo. Noti zimepitwa."
Nikaifunga. Duka langu la Kiboriloni
likawa jepesi, kama kichwa kilichotoka kinyozi.

Sikatai, nimepona mengi:
elfu kumi ya bandia, chenji ya peremende,
mkono wa shemeji kwenye droo nikienda msalani.
Siku hizi shemeji ananisalimia tu, anaondoka.

Lakini Ndeanasia anashuka na maziwa toka Kidia,
lita ishirini kichwani, umande bado miguuni,
simu yake ya tochi imefungwa mpira wa baiskeli.
"Nitumie," anasema, "na ya kutolea."
Ya kutolea! Napiga hesabu kiganjani:
kodi imemega, kampuni imemega,
na wakala wa pale kona noti zimemwishia.
Maziwa yale yale,
ila kila yanapopita kuna aliyechovya kidole.

Jana mtandao ulikatika saa sita hadi saa kumi.
Wateja wakainua simu kama wanautafuta mwezi wa Idi.
"Imekwenda, mama."
"Haijafika, baba."
Tukatazamana, waongo wawili tusio na uongo.

Ndeanasia hakusema neno. Alikaa juu ya ndoo tupu.

Nikavuta droo. Ikalia, inanuka shaba.
Ndani mna sarafu moja ya mia
na daftari la madeni.
Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa mpya:
Ndeanasia, lita ishirini.
Kalamu ikasita kidogo.
Ananidai.