Mabati Matatu

Wiki ya Maji, mamlaka ilifungua geti la tangi jipya
wananchi wapande, wauone mji wao.
Ngazi ya chuma, vipago mia na nane,
imeuzunguka mnara kama kilemba.
Mimi msoma mita nilipewa kazi ya kusema
"Shika chuma, usitazame chini,"
na watu wote wakatazama chini.

Shangazi Somoe alikuja na kanga mbili,
moja ya kiunoni, moja ya jasho.
"Shangazi, huko juu kuna upepo."
"Upepo naujua. Ndio ulionivua paa."

Akapanda. Kila kipago cha kumi, Bismillahi.
Cha hamsini akakaa, akanywa maji,
akatema neno la Kimakonde
ambalo sitaliandika hapa,
akaendelea.

Juu, wenzake walikwishaanza kushangaa.
Vijana wa chuo walinyoosha simu:
kule bandari, kreni zimesimama na shingo zao,
maghala ya korosho yamebanana kama madaftari,
Shangani imeingia baharini
kama kiwiko cha mtu anayetaka nafasi kwenye benchi.
Mtoto mmoja akauliza Msumbiji iko wapi.
Baba yake akamwonyesha, kwa uhakika kabisa,
upande wa Lindi.

Nikamwambia Shangazi, "Tazama, mji wako."
Miaka sitini na moja akiujua kwa chini,
madimbwi, vizingiti, miguu ya wateja wa vitumbua.
Nikangoja aseme Subhanallah.

Alikuwa anahesabu.
"Msikiti wa Chikongola ule. Shuka.
Duka la Hokororo. Mnazi uliokatika kichwa.
Basi, hapo hapo."
Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.
"Fundi Nandonde nilimpa hela ya mabati matatu,
na ndoo yangu bado inajaa.
Nihesabie wewe, macho yangu haya ya mkopo."

Nikatazama. Paa lake lilikuwa
kutu, kutu, jiwe, tairi la baiskeli,
kiatu kimoja cha mtoto ambaye sasa ana ndevu,
na bati moja tu linang'aa
kama jino la dhahabu kwenye kinywa kibovu.
"Moja," nikasema.
"Moja," akasema. Wala hakushtuka.
Mtu hapandi vipago mia na nane
kwa jambo ambalo hakulishuku.

Halafu kidole chake kikahama,
nyumba ya pili, ya tatu, kikasimama
juu ya jiko la Bi Mwanahawa Likwata,
jiko lililokaa wazi tangu upepo ule ule wa Aprili,
tuliyekuwa tukimwona akisonga ugali kwa mkono mmoja,
mwavuli mkono wa pili,
tukasema pole, tukapita.
Mabati mawili. Mapya. Yanatupiga jua usoni.

Nilimwona Shangazi akiitafuta hasira
kama mtu anayepapasa funguo mkobani;
akaishika, akaiachia, akaishika.
"Mwizi," alisema.
Tulipofika kipago cha themanini, tukishuka:
"Mwizi gani huyu."

Bandari hakuitazama hata kidogo.

Usiku mvua ikaangusha kila ilichokuwa nacho.
Nikakumbuka ndoo yake, nikakimbia Chikongola
na turubai la ofisi kichwani.
Mlango una kufuli.
Nikamkuta jikoni kwa Bi Mwanahawa,
amekalia kigoda alichotoka nacho nyumbani,
mkavu, kikombe cha chai mkononi,
mwenyeji anachochea moto na kumtupia jicho
la mtu asiyejua mgeni kafuata nini.

"Nimekuja," Shangazi akasema,
"kukaa chini ya mabati yangu."

Bi Mwanahawa akatazama juu. Akatazama chini.
Chungu kikafoka.

"Na sukari," akasema Shangazi, akinyoosha kikombe,
"umeibania."